Mlio wa kugonga nyuma kushoto: shajara ya Carina ya nyumbani

Jumamosi, 2 Agosti

Naanza kuandika leo kwa sababu nimeshalipa mara moja kwa ugonjwa usiokuwa wenyewe, na sitaki jambo hilo lijirudie.

Gari ni Toyota Carina Ti ya mwaka 1998, injini 5A, inayovuta kwa magurudumu ya mbele. Liko hapa kwetu Makorora, Tanga, mwaka wa sita sasa. Linanibeba mimi na sanduku la zana kwenda kwa wateja, maana kazi yangu ni useremala, na kila mwezi linampeleka Mama kliniki Bombo. Tangu mwezi wa tano linagonga nyuma. Mlio wenyewe hauvumi wala haukwaruzi. Ni ko, mara nyingine ko-ko ya haraka, kama mtu anayebisha mlango wa mninga kwa kifundo cha kidole.

Mwezi wa sita nililipeleka gereji. Fundi akainua upande wa kushoto kwa jeki, akalitikisa gurudumu, akashusha, akakandamiza buti kwa mikono mara mbili, akasema shokapu zimekwisha. Nikanunua mbili, shilingi 170,000 pamoja na ufundi. Moja ya zile za zamani kweli ilikuwa imevuja mafuta mpaka chini, kwa hiyo siwezi kusema pesa yote ilikwenda na maji. Lakini sikufika mbali kutoka pale gereji, tairi la kushoto likaingia shimoni: ko. Mlio uleule, mahali palepale.

Jana tukirudi kliniki, Mama akaniambia kitu ambacho fundi hakuniuliza. Yeye hukaa nyuma kushoto, kwa kuwa mguu wake wa kulia haukunjiki vizuri na anapenda kuunyoosha kuelekea katikati. Akasema, "Mwanangu, huu mlio uko chini yangu mimi. Na ukishika breki ni mwingine, ule mzito." Nikamjibu haya Mama, tutaangalia, macho yangu yako kwenye bodaboda za mbele. Usiku ndipo maneno yakanirudia. Kasema mwingine. Naandika hapa nisije nikasahau.

Nilichojipangia ni hiki: sinunui kitu mpaka niujue mlio unatoka wakati gani na wapi. Na nikijaribu jambo, nabadilisha kitu kimoja tu, nazunguka na gari, naandika, ndipo naenda kwenye kingine. Kwenye kiti kinacholia ndivyo nifanyavyo. Ukikaza viungo vyote vinne kwa pamoja hutajua kamwe ni kipi kilichokuwa kimelegea.

Jumapili, 3 Agosti

Buti kwanza, kwa sababu haigharimu kitu. Mpwa wangu alikuja asubuhi, tukatoa kila kilichomo: sanduku la zana, tairi la akiba, jeki, spana ya magurudumu, chupa mbili za maji, kipande cha mbao ambacho hata sikumbuki kilifikaje mle. Jeki ilikuwa haijabanwa pale inapokaa, inacheza kabisa. Nikafurahi mapema. Tukazunguka na buti tupu mpaka Mikanjuni na kurudi: ko, ko-ko.

Kisha kiti cha nyuma. Egemeo lake linashikwa na vilachi (vifungio) viwili, na vikilegea hugonga kama bati. Nikavifunga matambara. Hakuna mabadiliko.

Kisha bomba la moshi. Injini ikiwa baridi nikaingiza mkono chini, nikalipiga kwa ngumi huku na huku. Raba moja inayolining'iniza imepasuka, na bomba likisukumwa sana linagusa bodi. Nikalifunga kwa waya kwa muda na kuandika raba mpya kwenye orodha. Tukazunguka tena. Mlio upo.

Mpwa wangu akatoa wazo ambalo sikuwa nalo. Tukachukua simu mbili, yake na yangu, tukazibandika kwa gundi ya karatasi ndani ya buti, moja juu ya gurudumu la kushoto na nyingine juu ya la kulia, zote zikirekodi. Tukapita njia ileile. Nyumbani tukazisikiliza moja baada ya nyingine: ya kushoto mlio ni mkavu na wa karibu, ya kulia ni kama unatoka chumba cha pili. "Mjomba, bibi kasema kweli," akaniambia. Kweli kabisa. Ni nyuma kushoto.

Jumatano, 6 Agosti

Leo nimeendesha tu na kusikiliza, madirisha yote yamefungwa, feni imezimwa.

Kwenye lami nzuri, kasi yoyote, kimya. Hapo beringi nimeiweka kando, maana beringi mbovu huvuma na mvumo hupanda kadiri kasi inavyopanda, hauhitaji shimo. Na kwa kuwa gari linavuta mbele, huku nyuma hakuna shafti wala jointi za kulaumu. Zinabaki springi, shokapu na maunti zake (vishikizo vyake), nondo ya stebalaiza inayozuia gari lisilale sana kwenye kona na linki zake, mikono inayoshika gurudumu, na breki.

Kwenye tuta kubwa nikipanda polepole, magurudumu yote mawili ya nyuma kwa pamoja: karibu kimya. Kwenye rasta, vile vituta vidogo vilivyofuatana: ko-ko-ko, ya haraka. Kwenye lami iliyomeguka pembeni, ambapo tairi la kushoto peke yake linashuka na kupanda: ndiyo mbaya kuliko zote.

Hili la tuta lilinisumbua mchana kutwa. Kama ni shokapu au springi, kwa nini tuta kubwa, linalozikandamiza mpaka mwisho, linyamaze, halafu kijishimo cha kina cha vidole viwili kipige kelele?

Jibu nimelipata kwenye reli, ile inayokata kati ya Ngamiani na mjini. Wakati wa kwenda nilivuka nikiwa nimenyooka, magurudumu mawili ya nyuma yakapanda chuma kwa pamoja. Kimya, au mlio mdogo sana. Wakati wa kurudi palikuwa na mkokoteni, nikalazimika kukata kwa pembe, kwa hiyo kila gurudumu likapanda reli kwa zamu yake. Ko! Ko! Ko-ko! Nikaenda mbele, nikageuza, nikavuka mara mbili zaidi ili niwe na uhakika. Kunyooka, kimya. Pembe, kelele.

Magurudumu yakienda pamoja, linanyamaza. Yakipingana, linagonga. Na ndani ya gari hili kuna kitu kimoja ambacho kazi yake yote ni kuhisi magurudumu yakipingana: stebalaiza.

Ijumaa, 8 Agosti (Nane Nane)

Sikukuu, hakuna mteja. Siku nzima chini ya gari.

Kwanza niseme jambo la usalama, maana nimewaona vijana wakilifanya vibaya. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki tupu, na usiweke tofali. Tofali la saruji hubeba uzito vizuri mpaka dakika linapopasuka, na likipasuka halitoi taarifa. Mimi nilijitengenezea ngazi mbili za mbao za mkaratusi, mbao zimepangwa moja juu ya nyingine na kukazwa kwa skrubu, gari linapanda kwa magurudumu yake yenyewe, kisha mawe mawili makubwa mbele ya matairi ya mbele.

Kulipandisha gari kwa magurudumu yake ndiko kulikoleta tofauti yote. Stebalaiza ni nondo moja iliyokunjwa, imelala kutoka upande hadi upande, na kila ncha yake imefungwa kwenye upande wa gurudumu kwa linki fupi yenye kiungo kila ncha, tufe dogo la chuma ndani ya kikombe, kama bega la mtu. Magurudumu yakipanda pamoja, nondo inazunguka tu kwenye bushi zake (raba zinazoishika), linki hazisukumwi wala hazivutwi. Gurudumu moja likipanda peke yake, nondo inajipinda, na linki zinabeba nguvu.

Sasa fikiria fundi anainua upande mmoja kwa jeki. Gurudumu la kushoto linaning'inia, la kulia liko chini. Nondo imejipinda, imeivuta linki na kuikaza kama kamba ya ng'ombe. Unaishika linki, unaitikisa, haichezi hata unywele. Unasema nzima. Haijapona, imebanwa. Ili uone uchovu wake, magurudumu yote mawili lazima yawe kimo kimoja, ama yote yamebeba gari, ama yote yananing'inia, ndipo nondo inatulia na linki inakaa bila mzigo.

Nikalala chini, nikaishika linki ya kushoto kwa vidole viwili na kuisukuma juu na chini. Tk. Tk. Tk. Nikahisi kwenye ncha za vidole kabla sijasikia. Kifuniko cha raba cha kiungo cha juu kimechanika, ndani grisi imegeuka kuwa udongo mwekundu mkavu, na lile tufe la chuma linacheza ndani ya kikombe chake kiasi cha unene wa kadi ya simu. Linki ya kulia imekaza, raba yake nzima.

Nikamwita mpwa wangu asimame nyuma alitikise gari upande hadi upande, mkono wake juu ya paa, mimi mkono wangu juu ya linki. Kila akisukuma, tk.

Hata hivyo sikukimbilia dukani. Nilizifungua linki zote mbili na kuzitoa, nikazifunga ncha za nondo kwa waya wa kufungia nondo za zege zisije zikagonga zenyewe. Ukisahau kufunga waya utasikia mlio mpya na kuchanganyikiwa. Gari bila stebalaiza linalala sana kwenye kona, kwa hiyo tulikwenda polepole, barabara za ndani tu, hakuna mama wala mtoto ndani.

Kwenye lami iliyomeguka: kimya. Rasta: kimya. Reli kwa pembe: kimya. Mpwa wangu akapiga mikono juu ya dashibodi.

Tukafika mbele ya nyumba, nikakanyaga breki. Kong.

Mara moja, mzito, chini kabisa. Tukaangaliana. Mama kasema kweli mara ya pili.

Jumamosi, 9 Agosti

Linki za stebalaiza nimenunua Ngamiani, mbili, 25,000 kila moja. Muuza duka alinionyesha na za 12,000. Nikazishika zote mbili mkononi na kuzungusha viungo. Ya bei nafuu ilizunguka kirahisi kama gurudumu la baiskeli, tayari ikiwa mpya. Ya bei kubwa ilikuwa ngumu, inahitaji nguvu ya kifundo cha mkono, na inakaa pale unapoiacha. Kiungo kipya kinachozunguka bila upinzani kimeanza kuchoka kabla hujalipa.

Niliomba na raba ya bomba la moshi, 3,000.

Kufunga hakukuchukua saa moja. Mtego pekee ni kwamba ukikaza nati, tufe nalo linazunguka ndani ya kikombe. Ncha ya skrubu yake ina tundu la pembe sita, unaingiza ufunguo mdogo kushikilia, spana inakaza nati. Nikachora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho jirani. Nati ikilegea hata kidogo, mstari utakatika na nitaona bila kugusa.

Matokeo: ile ko-ko ya mashimoni imeondoka. Kong ya breki ipo.

Jumatano, 13 Agosti

Nimekaa siku tatu na kong peke yake, na sasa kwa kuwa ile nyingine imenyamaza, naisikia vizuri. Inatoka mara moja nikianza kushika breki, si mara mbili. Nikirudi nyuma kisha nikashika breki, inatoka tena, mara moja. Halafu nikiendelea kwenda nyuma na kushika breki mara ya pili, haitoki. Nikienda mbele na kushika, inatoka. Yaani kitu kinahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine na kubaki huko mpaka kisukumwe kurudi. Droo iliyolegea kwenye kabati hufanya hivyohivyo: ukilisukuma kabati mbele, droo inagonga nyuma, na haigongi tena mpaka ulivute.

Nilidhani kwanza ni viatu vya breki ndani ya dramu. Nikafungua dramu ya kushoto. Viatu vina nyama ya kutosha, springi zake zote zipo, hakuna kilichohama. Nikafuta vumbi kwa tambara lenye maji, si kwa kupuliza, maana vumbi lile si la kuvuta kifuani, na nikafunga.

Kisha breki ya mkono. Uwanja wazi, hakuna mtu, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, nikavuta breki ya mkono ghafla. Breki ile inashika magurudumu ya nyuma tu. Kong, na safari hii niliihisi sakafuni chini ya kiti. Nikaachia, kong ndogo ya kurudi.

Gurudumu la nyuma la Carina linashikwa kwa namna hii: shokapu na springi yake juu, mikono miwili ya pembeni inayozuia gurudumu lisiende ndani wala nje, na fimbo moja inayotoka kwenye gurudumu kwenda mbele hadi kwenye bodi. Hiyo fimbo ndiyo inayozuia gurudumu lisirudi nyuma wala lisiende mbele. Ukishika breki, barabara inalivuta gurudumu nyuma na fimbo inalishikilia. Kama bushi yake, raba iliyo kati ya bomba la ndani na la nje la chuma, imekufa, gurudumu linasogea kwanza, linapiga, ndipo linashikwa.

Gari juu ya ngazi, taa ya simu mkononi. Ukiitazama tu, bushi ya mbele ya fimbo ya kushoto ilionekana kuukuu lakini nzima. Nikaingiza bisibisi ndefu kati ya fimbo na bodi, nikabonyeza. Raba ikafunguka kama mdomo wa samaki, mpaka nikaona chuma cha bomba la ndani kinang'aa upande mmoja pale kilipokuwa kikigongana na bomba la nje. Pale palipong'aa hapakuwa na kutu hata chembe, na kila kitu kingine kukizunguka ni kutu tupu.

Upande wa kulia raba ina nyufa juujuu lakini haifunguki.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimekwenda kwa fundi mwingine, mzee mmoja pale Ngamiani, ana presi ya kusukuma bushi na mkungu mkubwa wa kivuli. Nilimwamkia, nikamwonyesha kurasa za daftari hili. Akavaa miwani yake na kusoma zote bila kusema neno. Halafu akasema, "Mwanangu, wewe umeshamaliza kazi. Iliyobaki ni kufungua bolti." Akaongeza, "Na bolti ndiyo itakayokula siku yako."

Ikala. Sisi wa Tanga tunakaa na bahari mlangoni, upepo unaleta chumvi mchana na usiku, na kutu hapa haisubiri mvua. Bolti ya mbele ya fimbo inapita ndani ya bomba la chuma la bushi, na kwa miaka yote hiyo bolti na bomba vimeshikana vikawa kitu kimoja. Nati ilitoka. Bolti ikakataa. Ukiizungusha, inazunguka na bomba lake ndani ya raba, lakini haitoki.

Kijana wa gereji akaenda kuchukua gesi ili tuipashe moto. Mzee akamkemea. "Tangi la petroli liko wapi?" Kijana akaangalia juu. Liko pale pale, chini ya kiti cha nyuma, si mbali na kichwa cha mtu aliyelala. Akakataza na grenda pia, kwa ajili ya cheche. Tukachukua msumeno wa chuma, uwembe wake tupu bila fremu maana fremu haiingii, umefungwa tambara upande wa kushikia. Kati ya bushi na sikio la bodi kuna upenyo wa kutosha uwembe mmoja. Nikaomba nikate mimi. Kukata ni kazi yangu, na mkono wangu unajua kutoharakisha: vuta ndefu, usisukume kwa nguvu, tia tone la mafuta, pumzika uwembe usiungue. Upande wa kwanza dakika 25, wa pili dakika 40 kwa kuwa uwembe wa pili ulikatika katikati. Jumla nyembe tatu. Fimbo ikadondoka juu ya gunia.

Tukaikagua juu ya meza. Bushi ilikuwa imechanika kwa mzunguko, si kwa kubonyea, mpasuko umefuata duara la bomba karibu nusu yake. Mzee akaweka kidole pale. "Hii ilikazwa gari likiwa hewani."

Nikamwomba anieleze tena polepole, nikiandika. Raba ya bushi imegandishwa kwa mabomba mawili, la nje limebanwa ndani ya fimbo, la ndani linabanwa na bolti kwenye bodi lisizunguke. Kwa hiyo fimbo ikipanda na kushuka, ni raba yenyewe inayojinyonga kidogo huku, kidogo huku. Inapumzika pale tu gari lilipokuwa limekaa wakati bolti inakazwa. Ukikaza gurudumu likining'inia, raba inapumzika gurudumu likiwa chini. Unalishusha gari, raba inajinyonga kabla hata hujaondoka. Ukikutana na shimo inanyongwa zaidi ya uwezo wake, kila siku, mpaka ichanike. Bushi mpya kabisa inaweza kufa hivyo kwa muda mfupi.

Nikakumbuka zile shokapu za mwezi wa sita. Ili kushusha gurudumu chini, fundi yule wa kwanza alilegeza fimbo na mikono, kisha akakaza vyote gari likiwa bado juu ya jeki. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu, sikujua ninachokiona. Sisemi ndiye aliyeiua, raba hii ilikuwa kuukuu tayari. Lakini linanikera, kwa sababu kukaza kule kungechukua dakika mbili tu zaidi kama angeshusha gari kwanza.

Bushi mbili mpya za fimbo, mbele na nyuma, 18,000 kila moja. Bolti mbili na nati, 8,000. Mzee alisafisha tundu kwa msasa, akapaka maji ya sabuni, akaipanga bushi wima kwenye presi. Akaisukuma kidogo, akasimama, akaitazama pande zote kama imenyooka, akaendelea. Ufundi wake ulikuwa kwenye zile pumziko. Bolti mpya tukazipaka grisi sehemu inayolala ndani ya bomba, siyo kwenye nyuzi za nati, ili siku nyingine asiyekuwa sisi asihitaji msumeno.

Tulizikaza kwa mkono tu. Gari likiwa juu ya stendi, mzee akaweka jeki chini ya gurudumu la kushoto, akainua taratibu mpaka bodi ikaanza kuachana na stendi, uzito wote wa kona ile uko juu ya gurudumu. Hapo ndipo tukakaza. Mikono miwili ya pembeni nayo akailegeza na kuikaza upya katika hali hiyohiyo, kushoto na kulia. Nati za magurudumu tukamalizia kwa spana ya kupimia nguvu, Nm 103.

Ufundi 40,000. Nilimlipa 50,000, akakataa, tukaelewana 45,000.

Jumapili, 17 Agosti

Asubuhi nikarudi uwanjani. Mwendo wa kutembea, breki ya mkono: gari likasimama, kimya. Mbele, breki, nyuma, breki. Kimya. Reli kwa pembe mara nne. Kimya.

Kisha nikapima mstari wa magurudumu ya nyuma kwa uzi, nikauvuta kutoka tairi la nyuma hadi la mbele pande zote mbili. Fimbo haina marekebisho ya urefu, hivyo sikutarajia kuhama, na haikuhama kwa kadiri uzi unavyoweza kusema. Kama tairi zitaanza kulika upande mmoja nitakwenda kwenye mashine ya kupima magurudumu.

Mchana nikamchukua Mama mpaka Muheza kumwona shangazi. Sikumwambia nilichofanya zaidi ya kwamba gari limetoka kwa fundi. Tukapita Pongwe, tukapita matuta yote, akaniuliza habari za kitanda cha mteja wangu wa Sahare. Baada ya Pongwe ndipo aliponyamaza kidogo, akaweka kiganja chake juu ya kiti, pembeni, kama anayepapasa moto wa jiko uliozimwa. "Umetoka," akasema. Nikamwuliza ni upi. "Yote. Ila sasa nasikia huo mlango wangu."

Kweli, mlango wa nyuma kushoto una raba iliyokakamaa. Nimeiandika kwenye orodha.

Jumamosi, 23 Agosti

Upande wa kulia. Mzee alinishauri nisingoje, raba ni za umri mmoja. Tangu Jumapili iliyopita nimekuwa nikipaka dizeli kwenye bolti za fimbo ya kulia kila jioni nikirudi kazini, kwa brashi ya rangi. Leo zote mbili zimezunguka na kutoka, nzima, bila msumeno. Moja ilitaka nyundo kidogo. Bushi ya mbele ya kulia tulipoitoa ilikuwa imeanza kuachana na bomba la ndani, upana wa ukucha.

Gharama ya jumla tangu daftari lianze: linki 50,000, raba ya bomba 3,000, bushi nne 72,000, bolti na nati 8,000 za kushoto (za kulia nimerudisha zilezile baada ya kuzisugua na kuzipaka grisi), nyembe 4,500, ufundi 45,000 na 30,000. Jumla 212,500. Za shokapu siziingizi humu.

Jumapili, 31 Agosti

Kilomita 540 tangu bushi za kushoto. Gari juu ya ngazi, kukaza upya. Nati za linki hazikusogea. Bolti ya nyuma ya fimbo ya kushoto ilikubali kidogo, kama robo ya robo ya mzunguko, nikafuta mstari wake na kuchora mpya. Nyingine zote, mistari ya rangi imenyooka kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kama nilivyoichora. Vifuniko vya raba vya linki vikavu, hakuna grisi iliyotoka.

Nitaangalia tena kabla ya kliniki ya mwezi wa kumi. Raba ya mlango wa Mama nimeagiza.